Usiku Wauzwa Bei Gani?



Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo hupita mbele ya milango yetu nasi tusilione, kwa kuwa hupita usiku, wakati ambao wengi wetu tumekwisha kujifunika. Nalo ni kazi za usiku: nani huzifanya, kwa nini huzichagua, na ujira wake ni kitu gani. Lau si jambo lililotukuta sisi wenyewe chuoni, labda tusingalikumbuka kuliandikia. Basi na tuanze na hilo, ingawa ndani yake mna aibu yetu.

Sisi twasomesha watoto hapa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, mahali ambapo upepo wa usiku huwa wa baridi hata mtu wa pwani hustaajabu. Msimu mmoja wa korosho, katika mwezi wa Novemba, mwanafunzi wetu mmoja wa miaka kumi na minne alianza kusinzia darasani. Mtoto huyu alikuwa katika wale tuliowategemea: sauti nzuri, hifadhi nyepesi, na adabu. Siku ya kwanza tulimkaripia. Siku ya pili tulimsimamisha mbele ya wenziwe. Siku ya tatu tulimwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kumwambia mtoto, kwamba shetani amemziba masikio yake asiisikie Qurani. Mtoto hakujibu. Aliinamisha kichwa, akafunga juzuu yake, akaketi.

Baada ya siku mbili, tulipokwisha kusali alasiri, alikuja mjomba wake. Na wasomaji wetu wa huku kusini wanajua mjomba ni nani katika nyumba zetu. Ndiye mwenye dhamana ya mtoto wa dada yake. Akavua viatu, akaketi mkekani.

“Shikamoo, Maalim.”

“Marahaba. Karibu.”

“Maalim, nimekuja kwa habari ya mtoto. Nimesikia anaadhibiwa kwa usingizi. Mtoto hana kosa, kosa ni langu. Usiku huwa naye ghalani.”

Akatueleza kuwa yeye ni mlinzi wa ghala la korosho. Huingia saa kumi na mbili za jioni na kutoka saa kumi na mbili za asubuhi, siku sita kwa juma. Akitoka huko hupita nyumbani, akanywa uji, akaenda shambani mpaka adhuhuri, kwani ndio wakati wa kuokota korosho, na korosho isiyookotwa huliwa na mvua au huibiwa. Halafu hulala kidogo, jua likiwa kali na watoto wakipiga kelele, mpaka wakati wa kazi umfikie tena. Katika juma la tatu mwili ulimshinda. Hapo akaanza kumchukua mpwa wake ili mtoto akeshe saa mbili tatu za usiku wa manane naye apate kulala, maana gunia likipotea hulipa yeye.

Tukamwuliza, “Kwa nini hukutafuta kazi ya mchana, ukalala usiku kama watu?”

Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. Akasema, “Maalim, mchana nimekwisha kuuuza. Kilichobaki kwangu ni usiku.”

Neno hili lilitukaa moyoni siku nyingi, na ndilo tutakalolifumbua katika ukurasa huu. Kwani watu wenye nafasi zao husema, “Fulani amechagua kazi ya usiku kwa kupenda malipo ya ziada.” Wengine husema, “Fulani ni mvivu, apenda kazi ya kukaa.” Nasi twasema: tazameni kwanza mifuko ya watu, ndipo mhukumu nyoyo zao.

Anayeijua nchi hii anajua kuwa fedha yetu huja mara moja kwa mwaka. Korosho huanguka tangu mwezi wa Septemba au Oktoba, hupelekwa katika chama cha msingi, hukaa ghalani ikingoja mnada, na mkulima hulipwa ikiisha kuuzwa. Ikifika Januari au Februari mambo yamekwisha. Fedha hiyo moja yatakiwa ilipe madeni ya nyuma, ada na sare za watoto, bati la nyumba, na chakula cha miezi ya njaa kabla mahindi na mihogo mipya haijawa tayari. Ikifika Juni, wakati wa kupalilia na kupuliza salfa ili ubwiri unga usile maua, mfuko ni mtupu. Katika hali hii, mshahara wa kila mwezi, hata uwe mdogo namna gani, una thamani kubwa kuliko hesabu yake. Wakopesheka dukani. Watuliza nyumba. Mwenye duka humpa sukari mtu ambaye anajua kuwa mwisho wa mwezi atapata kitu.

Lakini mshahara huo hautoshi kumlisha mtu aliyeacha shamba. Basi afanye nini? Akichukua kazi ya mchana, shamba lakufa. Akikaa shambani tu, miezi minane hana senti. Kazi ya usiku ndiyo pekee imwachiayo jua lake. Hii ndiyo maana ya yule mjomba aliposema kuwa mchana amekwisha kuuuza. Si kuwa alipenda usiku; ni kuwa bei ya mchana haikutosha kumfikisha jioni.

Sababu ya pili ni kuwa kazi za mchana zenyewe ni chache. Wazee wenzetu wanakumbuka. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho, na sehemu kubwa ilitoka mikoa hii ya kusini. Katika miaka hiyo ya 1970 vikajengwa viwanda vikubwa vya kubangua korosho, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na Masasi na Newala zikapata vyake. Walakini wakati viwanda vinainuka, mavuno yalikuwa yanaanguka: watu walihamishwa katika vijiji vipya wakaacha mikorosho mbali, bei ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiri unga uliingia. Msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika hata tani 20,000. Viwanda vikafungwa, na baadhi ya majengo yake yakageuzwa kuwa maghala. Tena tangu msimu wa 2007/08, ulipoanza mtindo wa stakabadhi ghalani, korosho hulazwa pamoja kwa wingi ikingoja wanunuzi, na mali iliyolala yataka mtu asiyelala. Angalieni basi jinsi dunia ilivyogeuka: jengo lililokusudiwa kuwaita mamia ya wabanguaji kunapopambazuka, sasa lawaita walinzi wachache kunapokuchwa.

Wala si walinzi peke yao. Teremkeni kutoka Newala mpaka Masasi, mji uliokaa chini katikati ya majabali yake, penye njia panda za kwenda Lindi na Mtwara, Nachingwea, Tunduru na Mangaka. Hapo mtawaona vijana wa bodaboda wakijikunyata juu ya pikipiki zao saa nane za usiku, wakingoja abiria wa mabasi. Mtawaona makuli wakipakia magunia kwa taa ya gari, na waoka mikate ambao mkate wao sisi twaula asubuhi bila kuuliza uliamkiwa saa ngapi. Katika hospitali za Mkomaindo, Ndanda na Newala mtawakuta mama zetu na dada zetu wauguzi wakipita kitanda kwa kitanda. Na mashambani, kati ya Juni na Septemba, wapuliziaji wa salfa huondoka majumbani kabla ya alfajiri na mashine mgongoni, maana unga wa salfa hushika vizuri majani yakiwa na umande na upepo ukiwa umetulia.

Hawa wote huitwa wafanya kazi wa usiku, lakini sababu zao hazifanani. Mama muuguzi mara nyingine huomba zamu ya usiku si kwa fedha, ila apate kuwa nyumbani mchana na mtoto mchanga, kwa kuwa hana wa kumwachia. Huyo analipia malezi kwa usingizi wake. Kijana wa bodaboda huchagua usiku kwa kuwa nauli ya usiku ni kubwa. Naye aweza kuitaja bei mwenyewe, kwani abiria aliyeshuka na mizigo saa tisa za usiku hana mwingine wa kumwita. Lakini mlinzi hataji bei. Mlinzi akisema, “Niongezeeni,” huambiwa, “Nje wako kumi wanaoitaka nafasi yako.”

Hapa ndipo penye siri ya jambo lote. Wataalamu wa uchumi, tangu Adam Smith wa Scotland alipoandika mwaka 1776, wamesema kuwa kazi ngumu au isiyopendeza hulipwa zaidi, ili watu wakubali kuifanya. Neno hilo ni kweli mahali ambapo mfanya kazi aweza kukataa. Mahali ambapo hawezi kukataa, kazi ngumu yaweza kuwa ndiyo yenye malipo duni kuliko zote. Bei ya usiku haipimwi kwa giza lake wala kwa baridi yake. Hupimwa kwa urefu wa safu ya watu wanaongoja nje ya lango.

Na jambo hili si jipya katika uwanda wetu. Bibi zetu walikuwa na kazi ya usiku isiyo na mshahara kabisa. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito wala chemchemi. Mvua ikinyesha mchanga huimeza. Kabla ya maji ya bomba kuanza kupandishwa kwa pampu katika miaka ya 1950, wanawake wa Newala waliteremka ukingoni mpaka bondeni, wengi wao wakiondoka kungali na giza ili wawahi zamu kisimani na kurudi kabla jua halijawa kali. Hakuna aliyewaambia kuwa wamechagua usiku. Ukavu wa nchi uliwachagulia. Hali kadhalika ukavu wa mfuko huwachagulia watu leo.

Basi sheria yasemaje? Wengi wetu hatujui, nasi tulikuwa katika hao, mpaka mjomba yule alipotufanya tuone haya tukaenda kuisoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, yasema kuwa usiku ni tangu saa mbili za usiku mpaka saa kumi na mbili za asubuhi. Kwa kila saa ya usiku mwajiri yampasa aongeze si chini ya sehemu tano katika mia za mshahara wa msingi wa saa hiyo. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa juma wala 9 kwa siku. Zikizidi, ni saa za ziada, nazo hulipwa mara moja na nusu. Na hata hizo za ziada haziruhusiwi kupita 50 katika majuma manne, tena ziwe kwa makubaliano. Mama mja mzito halazimishwi kazi ya usiku katika miezi miwili kabla ya kujifungua, wala katika miezi miwili baada yake. Na mtoto aliye chini ya miaka 18 hafanyi kazi ya usiku kabisa.

Sasa na tufanye hesabu kama tunavyowafanyisha watoto ubaoni. Tuchukue mlinzi wa mfano, tumpe mshahara wa shilingi 195,000 kwa mwezi. Twaichagua hesabu hii kwa wepesi wa kugawanya tu, maana saa 45 kwa juma ni kama saa 195 kwa mwezi. Basi saa yake moja ni shilingi 1,000. Nyongeza ya usiku, tano katika mia, ni shilingi 50. Usiku mzima wa saa kumi humpa shilingi 500. Kwa siku sita ni shilingi 3,000, na kidogo zaidi kwa saa za ziada. Ni nani atakayesema kuwa mtu hukesha majuma na miezi, akauza macho yake, kwa tamaa ya shilingi 500?

Lakini msisimame hapo, maana fedha kubwa haimo katika ile tano. Mlinzi aingiaye saa kumi na mbili jioni akatoka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita, amefanya saa 72. Toa 45, zabaki 27. Kila moja ya hizo yatakiwa ilipwe shilingi 1,500. Mara 27 ni shilingi 40,500 kwa juma, ilhali mshahara wake wa saa za kawaida kwa juma hilo ni shilingi 45,000. Maana yake ni kuwa mlinzi asiyelipwa saa za ziada hutoa karibu mshahara wa pili bure. Tena saa 27 kwa juma ni 108 kwa majuma manne, na sheria haikuruhusu zaidi ya 50. Kwa hiyo mwajiri wa namna hii ana makosa mawili: amechukua saa asizopewa, kisha hakuzilipa.

Hesabu hii tuliifanya mbele ya mjomba yule kwa kijiti mchangani. Akaitazama muda mrefu. Kisha akasema, “Maalim, kumbe naweza kuajiriwa wawili kwa mshahara wangu na wa ule wizi.” Na amesema kweli. Lau zile saa zingelipwa kama ipasavyo, mwenye ghala angaliona ni nafuu kuweka walinzi wawili wapokezane, na yule mtoto asingalihitajiwa.

Tuseme kidogo juu ya mwili. Kila aliyefunga Ramadhani anajua kuwa usingizi wa mchana si sawa na usingizi wa usiku. Hulala saa nyingi akaamka kichwa kizito. Wataalamu wamekuta kuwa ndani ya viungo vya mwanadamu mna saa yake, ifuatayo mwanga na giza. Na mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa tuzo ya Nobel kwa kufumbua jinsi saa hiyo ifanyavyo kazi. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lililoko Lyon, Ufaransa, lilitamka mwaka 2007, na likakariri mwaka 2019, kuwa kazi ya zamu za usiku yaelekea kuwa na uwezo wa kuleta saratani. Hatusemi haya ili kuwatisha wauguzi na walinzi waache kazi zao. Wagonjwa ni wa nani, na mali ya watu ni ya nani? Twasema ili ijulikane kuwa mwenye kukesha anatoa kitu kikubwa kuliko saa zake. Hutoa na afya yake. Haifai kuinunua kwa shilingi 500.

Na dini yetu haikunyamaza. Katika Surat An-Nabaa Mwenyezi Mungu ametukumbusha kuwa usingizi ni pumziko, usiku ni vazi, na mchana ni wa kutafuta maisha. Lakini tazameni huruma Yake: katika Surat Ar-Rum ametaja usingizi wetu wa usiku na wa mchana pia, pamoja na kutafuta kwetu fadhila Zake, katika ishara Zake. Na katika Surat Al-Muzzammil, alipowapunguzia waja Wake kisimamo cha usiku, aliwataja pamoja na wagonjwa na wapiganaji wale wanaosafiri katika ardhi kutafuta riziki. Basi mtafutaji riziki ana heshima yake mbele ya Mola wake, hata akiwa hawezi kusimama usiku kwa sala za sunna. Asidharauliwe na anayeweza.

Walakini Mtume, rehema na amani zimfikie, alimkataza sahaba aliyetaka kukesha siku zote, akamfahamisha kuwa mwili una haki, na macho yana haki, na ahali wana haki. Ikiwa kukesha kwa ibada kumewekewa mpaka, kukesha kwa ajili ya mali ya mtu mwingine kutakosaje mpaka? Na juu ya ujira, sote twaijua amri ya kumlipa mfanya kazi kabla jasho lake halijakauka. Jasho la usiku hukauka upesi kwa baridi; labda ndiyo sababu wengine hudhani halikutoka. Na imepokewa kwamba Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mshitaki, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyemwajiri mwenziwe, akaipata kazi kamili, asimpe ujira wake. Tajiri mwenye akili aogope kesi hiyo kuliko ya duniani.

Sasa tutoe nasaha zetu kwa kila mmoja mahali pake.

Kwanza, kwa waajiri na viongozi wa vyama na maghala, ambao wengi wao ni ndugu zetu tunaosali nao safu moja. Msiseme, “Huyu amekubali mwenyewe.” Mwenye njaa hukubali kila kitu. Andikeni mkataba, taja saa, lipa saa za ziada, na wakati wa msimu mkubwa wekeni walinzi wawili. Mpeni koti, taa, na mahali pa kusalia. Mali inayolindwa na mtu aliyechoka haijalindwa.

Pili, kwa wafanya kazi. Jueni haki zenu, na andikeni saa zenu katika daftari, kila siku mlipoingia na mlipotoka. Daftari ni shahidi. Mkidhulumiwa, semeni kwanza kwa adabu na mwajiri. Asiposikia, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nayo yapokea mashitaka ya wafanya kazi. Msikae mpaka mwaka upite, kwani malalamiko ya mishahara yatakiwa yapelekwe katika siku 60. Wala msiende mmoja mmoja. Safu ya watu kumi nje ya lango huwa udhaifu wenu mkigombana, na huwa nguvu yenu mkipatana.

Tatu, kwa walio majumbani. Mtu aliyetoka kazi ya usiku si mvivu akilala saa nne za asubuhi. Mke amfungie dirisha, watoto wakacheze mbali, na jirani apunguze redio. Sadaka hii haina gharama. Naye mume asiyelala usiku asidhani kuwa amemaliza wajibu wake kwa mshahara. Watoto wana haki ya kumwona macho yakiwa wazi, hata kama ni saa moja kwa siku.

Nne, kwa vijana wetu. Ikiwa mmemaliza shule mkapata kazi ya usiku, msione haya. Kazi ya halali haina aibu. Lakini msiifanye kuwa kituo. Fedha ya bodaboda ya usiku huja kwa haraka, na haraka hiyo huwadanganya wengi waache ufundi na elimu. Tena ziko kazi za usiku ambazo tusingependa kuzitaja, mojawapo ikiwa kubeba korosho za kangomba, zile zinunuliwazo kwa kipimo cha udanganyifu kwa wakulima wenye njaa, kisha zikapitishwa gizani. Hiyo si riziki. Ni kumla jirani yako usiku, asubuhi ukampa salamu.

Na tano, kwa walimu wenzetu. Mtoto akisinzia, muulizeni alilala wapi kabla hamjamwuliza amehifadhi nini.

Mtataka kujua mwisho wa mambo. Tulikwenda na mjomba yule na walinzi wengine watatu wa maghala ya jirani mpaka kwa wenye ghala, tukiwa na sheria mkononi na hesabu katika karatasi. Hatuwataji, kwa kuwa makusudio yetu si kumfedhehesha mtu. Tulipokewa vizuri, tukasikilizwa nusu. Mlinzi wa pili aliwekwa kwa miezi ya msimu, na zamu ikagawanywa usiku wa manane. Juu ya saa za nyuma ambazo hazikulipwa, tuliambiwa kuwa litatazamwa. Hatujaona lililotazamwa. Mjomba angali mlinzi, na angali mkulima, na bado hulala mchana. Lakini hulala zaidi kuliko zamani, na mpwa wake hulala nyumbani kwa mama yake.

Jumamosi iliyofuata, watoto walipokwisha kukaa, tulimwita yule mwanafunzi mbele, mahali pale pale tulipomsimamisha kwa adhabu. Tukawaambia wenziwe kuwa mwenzao hakuwa mvivu. Alikuwa akikesha ili mjomba wake asilipishwe gunia la watu, na mwalimu wao alimhukumu kabla ya kuuliza. Tukamwomba radhi. Mtoto aliona haya zaidi siku hiyo kuliko siku ya adhabu, akataka kurudi mahali pake upesi. Kisha akafungua juzuu yake, akasoma kurasa mbili bila kukosea.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape wenye kukesha ujira wao kamili, hapa na huko mbele, na atupe sisi tulalao macho ya kuwaona.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.